Sanamu Zilizovuka Ziwa

Watabwa, wanaoishi ukingo wa kusini-magharibi wa Ziwa Tanganyika na kwenye nyanda za juu za Marungu, waliwachonga mababu wao kwa mti na kuwaita mikisi. Mkisi husimama wima, mikono imetulia tumboni, macho yamefumbwa nusu kama ya mtu anayesikiliza neno ambalo wengine hawalisikii. Nywele zake zimesukwa kwa uangalifu, na ngozi yake ya mti imepigwa chale mstari kwa mstari. Haukuchongwa ili ufanane na marehemu sura kwa sura. Kazi yake ilikuwa kuwa mahali pa kumkuta. Chifu aliyekuwa na mikisi ya ukoo wake alikuwa na hati ya utawala mkononi, inayoeleza nani alimzaa nani, nani alitangulia kufika, na ardhi ni ya nani.

Chale zenyewe zilikuwa na maneno yake. Pembetatu zinazofuatana mgongoni mwa sanamu, kwenye mikeka na kwenye vigoda huitwa balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mwandamo, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kusikia mwezi ndani ya neno hilo. Usiku wa giza kabla ya mwandamo ni usiku wa hatari na uchawi. Mwezi ukionekana, tumaini hurudi, lakini kila mtu anajua giza litarejea. Watabwa walichonga pia sanamu ndogo za mapacha, mpundu, zilizotunzwa na kulishwa pale pacha mmoja alipofariki, ili aliyebaki asivutwe na mwenzake. Mwanaanthropolojia Mmarekani Allen Roberts, aliyeishi kwao miaka ya 1970, ndiye aliyeyaandika mengi ya haya kwa kina kabla wazee waliokuwa wakiyajua hawajaondoka.

Wachongaji wa leo hutumia jina la sanaa ya usimikaji kwa kazi ambayo si kitu kimoja juu ya kiguzo, ila ni vitu vilivyopangwa chumbani au uwanjani mpaka mahali penyewe pakawa sehemu ya kazi, na mtazamaji akalazimika kuingia ndani yake. Jambo hilo husemwa kuwa la kisasa, nalo lilizaliwa kwa jina hilo Ulaya na Marekani katika karne ya 20. Hata hivyo mkisi ndani ya kibanda chake, pamoja na dawa, unga mweupe, vyungu na maneno ya asubuhi, ulikuwa hivyohivyo: mpangilio usioeleweka ukiondoa kipande kimoja. Makumbusho ya Ulaya yalipokuja kuuweka peke yake nyuma ya kioo, yalikuwa yameonyesha kipande tu cha kazi. Historia ya sanamu za ziwa hili kuanzia hapo ni historia ya kipande hicho, na ya wasanii waliojaribu, zaidi ya miaka 100 baadaye, kuujenga upya mpangilio uliovunjwa.

Ujiji, mji wa ufuo wa mashariki wa ziwa, ndio mlango ambao mengi yalipitia. Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858 waliukuta mji umekwisha kuwa kituo cha misafara, na Waarabu na Waswahili wa pwani tayari wakifanya biashara na Wajiji na Waha. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji msafara ulikwenda miezi mitatu na zaidi. Vilivyokuja ni shanga, vitambaa, bunduki na baruti. Vilivyorudi ni pembe za ndovu na watu. Mitumbwi ilivuka ziwa na kurudi ikiwa imejaa watumwa waliokamatwa Manyema na Marungu, na nyumba kubwa za Ujiji zenye kuta za udongo zilijengwa kwa faida hiyo. Mfanyabiashara Tippu Tip alipita hapa mara nyingi. Rumaliza, jina lake halisi Muhammad bin Khalfan, alikuja kuwa mkubwa wa mji na wa sehemu kubwa ya ufuo wa kaskazini. Lugha ya Kiswahili iliyoenea Kongo ya mashariki ilisafiri kwenye mitumbwi hiyohiyo, na ndiyo sababu msanii wa Lubumbashi leo anaweza kuipa sanamu yake jina la Kiswahili bila kujitafutia.

Katika mazingira hayo ndipo alipokuwa Lusinga lwa Ng'ombe. Alikuwa chifu wa Watabwa aliyepata bunduki kutokana na biashara ya misafara na kuzitumia kuteka majirani zake. Haifai kumsafisha, kwani vijiji vingi vya Marungu vilimwogopa kwa haki. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoundwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilijenga kituo Karema, upande wa mashariki wa ziwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Luteni Émile Storms alikishika kituo hicho mwaka 1882, na mwaka uliofuata akavuka maji na kujenga boma la pili Mpala, karibu sawia na Karema upande wa pili. Lusinga naye alikuwa anapanua himaya yake palepale. Wababe wawili, mmoja kwa bunduki za Unguja na mwingine kwa bunduki za Brussels, hawakutoshea kwenye ufuo mmoja.

Desemba 1884 askari wa Storms, wakiwamo rugaruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa, walikivamia kijiji cha Lusinga. Chifu aliuawa, kichwa chake kikakatwa, na watu wake wengi wakatekwa. Pamoja na kichwa, mkisi wa ukoo wake ulichukuliwa kuwa nyara. Storms hakuona kwamba amechukua kazi ya sanaa. Alijua amechukua hati. Chifu asiye na mikisi hana pa kusimama, na mshindi aliyeishika ameshika na ardhi. Mafuvu ya machifu wengine wawili, Maribu na Mpampa, yaliingia pia katika mizigo yake. Mwaka 1885 Leopold aliamua kutupa nguvu zake zote upande wa mto Kongo. Karema na Mpala zikakabidhiwa Mapadri Weupe, na Storms akarejea kwao na masanduku yake.

Kilichofuata Brussels kinasimulika kwa maneno machache. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé alisoma mbele ya Jumuiya ya Anthropolojia ya Brussels ripoti yake juu ya mafuvu hayo matatu, akayapima na kutoa hukumu za tabia kutokana na vipimo vya mfupa, kama sayansi ya rangi ya wakati ule ilivyopenda. Mkisi wa Lusinga ulibaki sebuleni kwa Storms, ukiwa umepangwa pamoja na mikuki na sanamu nyingine kama pambo la ushindi. Alikufa mwaka 1918. Katika miaka ya 1930 mjane wake alitoa mkusanyiko huo kwa jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, ambalo mizizi yake iko kwenye maonyesho ya mwaka 1897, Wakongo 267 walipoonyeshwa hadharani na 7 kati yao wakafa huko. Fuvu la Lusinga lilihamishiwa mwaka 1964 kwenye taasisi ya sayansi za asili mjini Brussels. Mwili wa mti na mfupa wa aliyeumiliki vikatenganishwa, kimoja kikaitwa sanaa, kingine kikaitwa sampuli.

Wakati sanamu za mti zikienda Ulaya, sanamu za shaba na mawe zilikuwa zikija Afrika. Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1909 sanamu ya Hermann von Wissmann, mvamizi na gavana wa Kijerumani ambaye mwaka 1882 alipita Ziwa Tanganyika katika safari yake ya kulikata bara kutoka magharibi hadi mashariki. Chini ya miguu yake alisimama askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua uso, bendera imeinamishwa juu ya simba aliyekufa. Jina la mkewe lilikuwa limekwisha kufika ziwani kabla ya sanamu ya mumewe kufika pwani: meli Hedwig von Wissmann ilielea Tanganyika tangu mwaka 1900, hadi ilipozamishwa na Waingereza Februari 1916. Baada ya vita sanamu ya Wissmann ilichukuliwa na hatimaye kusimamishwa Hamburg mwaka 1922, mbele ya chuo kikuu. Mahali pake Dar es Salaam waliweka, mwaka 1927, askari wa shaba wa mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, anayejulikana na kila abiria wa daladala ya Posta.

Ujiji yenyewe ilipata jiwe la Livingstone. Chini ya mwembe, kwa tarehe iliyoandikwa hapo ya 10 Novemba 1871, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone. Mwembe wa awali ulikufa, na miembe inayosimama leo husemwa kuwa ni watoto wake. Kando yake kuna jiwe la kijivu lenye ramani ya Afrika na msalaba juu yake. Ndani ya jumba dogo la makumbusho lililo jirani wamesimama Livingstone na Stanley wenye ukubwa wa binadamu, wametengenezwa kwa karatasi zilizorowekwa na kukandwa kwa gundi, kofia mkononi, wakisalimiana milele. Watalii wengine huzicheka, lakini sanamu hizi ni kazi ya usimikaji isiyojijua: chumba kizima kimepangwa kuzunguka sekunde moja ya historia, na mtazamaji akiingia hujikuta amesimama walipokuwa Wajiji na watu wa pwani siku ile, yaani pembeni. Wenyeji waliokuwa wakimlisha Livingstone na kumletea habari hawakutengenezwa kwa karatasi.

Kumbukumbu kubwa zaidi ya chuma kwenye ufuo huo haikukusudiwa kuwa sanamu. Meli Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914. Iliunganishwa na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka grisi mitambo kwa matumaini kwamba siku moja itafaa tena. Ikafaa: Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ambalo ni mojawapo ya majina ya kale ya ziwa. Masanduku hayo 5,000 yanastahili kukumbukwa, kwa kuwa mmoja wa wasanii watakaotajwa mbele aliyatumia masanduku ya aina hiyo kuzungumza juu ya watu.

Baada ya uhuru, uchongaji wa Tanzania ulijulikana duniani kwa jina moja, Makonde. Samaki Likankoa alichonga shetani wake wa kwanza miaka ya 1950. Roberto Yakobo Sangwani akaleta nguzo za watu waliopandana ambazo siasa ilizipa jina la ujamaa. Na kwenye Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, George Lilanga aligeuza mashetani hayo kuwa watu wa mjini, wenye masikio makubwa na vituko vya kila siku, mpaka kifo chake mwaka 2005. Yote hayo yalifanyika pwani, karibu na mpingo, bandari na watalii. Kigoma ilibaki mwisho wa reli. Ufundi wa mti uliostawi huko ni wa kutengeneza mitumbwi, na ukiutazama kwa jicho la mchongaji, mtumbwi mmoja ukiunganishwa na mwingine kwa magogo, karabai zikining'inia juu ya maji kuvuta dagaa, una hesabu ya umbo inayozishinda sanamu nyingi za madukani. Lakini hakuna aliyeuita sanaa, na mafundi wenyewe hawakuomba.

Mabadiliko yalianza miaka ya 1990, na yalianza kwa utumwa. Mwaka 1998 msanii Msweden Clara Sörnäs alisimamisha Mkunazini, Unguja, kwenye uwanja wa kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, watu watano ndani ya shimo, shingo zao zimeunganishwa kwa minyororo ya kweli ya enzi zile. Hakuwaweka juu ya kiguzo. Aliwachimbia chini, ili anayewatazama asimame kwenye ukingo kama mnunuzi alivyosimama. Njia ya misafara iliyoishia hapo ilianzia Ujiji na ng'ambo yake. Kwa Mtabwa au Mmanyema anayetembelea Unguja, shimo hilo ni ncha ya pili ya uzi mmoja.

Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga, aliufuata uzi huo upande mwingine. Kazi yake Naming the Money ya mwaka 2004 ilisimamisha ukumbini watu 100 wa ubao uliopakwa rangi, wenye ukubwa wa binadamu: wapiga ngoma, wachora ramani, washona viatu, waganga wa mitishamba, wafuga mbwa na watumishi wengine wa majumba ya kifalme ya Ulaya. Kila mmoja ana majina mawili, alilopewa na mabwana na alilozaliwa nalo, na mgongoni ana karatasi ya mahesabu iliyoandikwa maneno yake mwenyewe kama kwamba ni stakabadhi ya bidhaa. Mtazamaji hutembea kati yao. Hana pa kusimama akawa nje ya umati. Himid alipata tuzo ya Turner mwaka 2017 akiwa na miaka 63. Kazi hiyo inasemea biashara ya Atlantiki zaidi kuliko ya Ujiji, lakini mbinu yake, ya kumrudishia mtu jina pamoja na kazi yake, ndiyo iliyokosekana katika vyumba vya makumbusho ya ziwa kwa zaidi ya karne.

Mwaka huohuo wa 2004 Wissmann alirudi hadharani. Wanafunzi wa Hamburg walikuwa wameiangusha sanamu yake mwaka 1967 na tena 1968, nayo ikawekwa stoo. Msanii anayejiita Jokinen aliitoa na kuisimamisha bandarini kwa miezi 14, akiwaachia watu wa mji na wengine kupitia intaneti wajadiliane ifanywe nini. Hakuongeza hata kipande cha shaba. Kazi yake ilikuwa kuihamisha sanamu na kufungua mdomo wa umma, na hilo linatosha kuitwa usimikaji. Sanamu iliyotoka Dar es Salaam kama mali ya vita iligeuka kuwa hoja.

Upande wa Kongo, jibu lilitoka Lubumbashi. Mji huo ni mtoto wa shaba, na shaba ya Katanga ilikuwa ikivuka Ziwa Tanganyika kabla ya Wabelgiji. Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyejitawalia Katanga hadi alipopigwa risasi na afisa wa msafara wa Wabelgiji Desemba 1891, alituma misafara yake mashariki. Mwaka 2008 wasanii wa mji walianzisha Picha, kituo ambacho kwa jina tu kinajulisha lugha ya mtaa, pamoja na maonyesho ya kila baada ya miaka 2. Mmoja wao ni Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978. Mwaka 2011 alionyesha Tervuren kazi aliyoiita Congo Far West, iliyotokana na kumbukumbu za msafara wa Charles Lemaire wa 1898 hadi 1900, ambao ulipita kando ya ziwa kuingia Katanga. Baloji alichukua picha za kamera za msafara huo na kuzipachika juu ya rangi za maji za mchoraji wa msafara, Léon Dardenne. Katika rangi za Dardenne nchi ni tulivu na nzuri. Watu wa picha za kamera, wanaotazama moja kwa moja na baadhi yao wakiwa wamesimamishwa mbele ya kitambaa kama vitu, wanaivunja nchi hiyo.

Kutoka kwenye picha Baloji aliingia kwenye shaba yenyewe. Venezia mwaka 2015 alisimamisha kuba ya shaba kwa jina The Other Memorial, akirejea kuba ya kanisa moja la Liège, Ubelgiji, lililoezekwa kwa shaba ya Katanga. Juu ya madini alipiga chale, chale zilezile za ngozi ya watu wa Kongo ambazo wamisionari walizikataza na wanasayansi walizipiga picha. Kwa namna hiyo mwili uliofutwa ulirudi juu ya bidhaa iliyochimbwa badala yake. Mwaka 2020 alitengeneza kwa ajili ya Grand Palais, Paris, sanamu kubwa za matarumbeta zilizoitwa Johari. Kati ya wasanii wa eneo hili ndiye aliyeelewa vizuri zaidi kwamba maisha ya kisasa ya Ulaya, nyaya, magari na paa za makanisa, yamejengwa kwa udongo wa mtu mwingine, na kwamba mchongaji hana haja ya kuhubiri maadamu anaweza kuuonyesha udongo wenyewe.

Masanduku ya Kigoma yanarudi katika kazi za Serge Alain Nitegeka. Alizaliwa mwaka 1983, akakimbia vita vya Maziwa Makuu akiwa mtoto, na hatimaye akafika Johannesburg, ambako alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Malighafi yake ni mbao za masanduku ya mizigo na mbao ndefu zilizopakwa rangi nyeusi, anazozikingamisha ukumbini kutoka ukuta hadi ukuta, sakafu hadi dari. Hakuna njia iliyonyooka. Anayetaka kupita huinama, hujipinda, huvuka mguu mmoja mmoja, na mwili wake hukumbuka bila kuambiwa jinsi mtu anavyopita mpaka usiotaka apite. Katika baadhi ya michoro yake watu wamejikunja ndani ya masanduku kama bidhaa dhaifu inayosubiri kusafirishwa.

Yaliyotokea ziwani mwaka 2015 yanaweza kusomwa kwa jicho hilo. Machafuko yalipozuka Burundi mwezi Aprili, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha Kigoma mpakani kilichobanwa kati ya mlima na maji, kusiko na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Liemba, meli iliyokuja kwa masanduku miaka 100 kabla ya hapo, iliwabeba kwa mamia kila safari hadi Kigoma, wakapitishwa Uwanja wa Lake Tanganyika na kupelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ufuo uliokuwa wa kupakia watu kwa nguvu ukawa wa kuwapokea. Hakuna msanii aliyesimika jambo hilo Kagunga, na huenda halihitaji: mabegi, magodoro na masufuria yaliyopangwa mchangani kila familia na mstari wake yalikuwa na umbo ambalo Nitegeka analitafuta ukumbini.

Tervuren ilifungua milango upya Desemba 2018 baada ya kufungwa miaka 5 kwa matengenezo. Ukumbi wake wa duara ulikuwa na tatizo lisilobomoleka, kwa kuwa jengo linalindwa na sheria: sanamu za dhahabu za Arsène Matton zinazoonyesha Ubelgiji ikiwaletea Wakongo ustaarabu na usalama, na moja inayoitwa Utumwa, yenye mfanyabiashara Mwarabu akiwaburuta mateka. Kwa miongo mingi hiyo ilikuwa mojawapo ya picha za watu wa Ujiji alizoziona mtoto wa shule wa Ubelgiji. Jumba lilimwita Aimé Mpane, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1968. Alisimika katikati ya duara kichwa kikubwa cha mti kilichotobolewa, kimeangalia mbele, alichokiita pumzi mpya. Februari 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema jumba halijafika mbali vya kutosha. Mpane na Mbelgiji Jean Pierre Müller kisha walining'iniza mbele ya sanamu za zamani vitambaa vyepesi vyenye picha za leo, ili mtazamaji aione dhahabu kupitia pingamizi lake. Sanamu ya Matton haikuguswa. Ilivishwa tu jawabu.

Kazi ya pili ya Mpane ilifika ukumbini mwaka 2020, mkabala na ile ya kwanza. Ni fuvu, na jina lake linamtaja mwenye fuvu: Chifu Lusinga. Miaka 2 kabla yake mwandishi wa habari Michel Bouffioux alikuwa ameandika juu ya mafuvu yaliyoletwa na Storms na kuuliza kwa nini bado yapo kwenye masanduku. Fuvu la Mpane lilipowekwa, la mfupa lilikuwa bado katika taasisi ya Brussels, umbali mfupi wa treni, na mkisi ulikuwa kwenye mkusanyiko wa jumba hilohilo ambamo Lusinga alichongewa kumbukumbu. Vipande vitatu, jina, mti na kichwa, sasa vilikuwa vinasemwa pamoja, hata kama havikukaa chumba kimoja. Ni usimikaji unaotegemea kitu kisichokuwepo, na ukaribu wake na kibanda cha mikisi cha Marungu si wa bahati.

Mjini Brussels, kwenye bustani ya Square de Meeûs, Storms naye alikuwa na sanamu yake ya shaba ya kichwa na mabega. Ilirushiwa rangi nyekundu zaidi ya mara moja. Juni 2022, mwezi uleule ambao Ubelgiji ilirudisha Kongo jino la Patrice Lumumba, manispaa ya Ixelles iliiondoa. Mkisi wa Lusinga umebaki Tervuren.